Tumbo la Mdogo, Mgongo wa Mkubwa

Barua ilikaa siku tisa bila mtu kuijua. Haikuja kwa posta. Ilitumwa kwa barua pepe, kwenye anuani iliyofunguliwa mwaka 2014 na kijana mmoja wa jirani, wiki ileile familia ilipofika Toowoomba, kwa kuwa kila ofisi waliyoingia iliulizia barua pepe kabla ya salamu. Kijana aliandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, karatasi ikabandikwa mlangoni mwa friji, friji ikafa, ikatupwa na karatasi yake. Miaka saba baadaye, Agosti 2021, binti wa nyumba ile alihitaji anuani ya mama yake kwa fomu ya shule. Alihangaika nayo jioni nzima mpaka ikafunguka. Katikati ya matangazo ya maduka na bili za umeme akaona ujumbe wa Wizara inayoshughulikia uhamiaji.

Alikuwa na miaka 13, na ndiye msomaji wa Kiingereza wa nyumba. Akaketi ukingoni mwa kitanda akaanza kumsomea mama yake kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kama alivyozoea kumsomea barua za daktari na za mwenye nyumba. Ukurasa wa kwanza ulisema Wizara inafikiria kufuta viza. Ukurasa wa tatu ulieleza sababu: mwaka 2012, kwenye fomu ya maombi, mama alijibu kwamba msichana fulani ni binti yake wa kuzaa, na sasa Wizara imepata habari kwamba msichana huyo alizaliwa na mtu mwingine. Likafuata jina la msichana. Binti alilisoma kwa sauti kabla hajatambua kuwa ni lake.

Mama huyu nilimwomba ruhusa ya kuandika habari zake. Alinipa kwa masharti mawili: nisimtaje, na niandike yote, "hata ya aibu". Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Kazi yangu ni kukaa kati ya watu wawili wasioelewana na kutotia neno langu. Hapa nitalitia, tena lipo linalonihusu mwenyewe.

Turudi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mama na mdogo wake walivuka kutoka upande wa Fizi, Kivu Kusini, mwaka 1998, vita ya pili ya Kongo ilipolipuka, wakaishia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma. Walikua humo, wakaolewa humo, mkubwa akafiwa na mume humo. Mwaka 2008 mdogo akajifungua mtoto wa kike, kifungua mimba wake. Mwaka uliofuata akajiandikisha kurudi nyumbani. Wakati ule Wakongo walikuwa wakirejeshwa kwa hiari, meli zikitoka Kigoma kwenda Baraka, na watu wakiambiana kwamba kule kumetulia. Alikwenda kutazama shamba la baba yao. Mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusimama dede, akaachwa kwa mkubwa kwa miezi mitatu.

Miezi mitatu ikapita, na mwaka ukapita. Fizi haikutulia. Namba ya simu ikawa haipatikani, kisha msafiri mmoja akasema amesikia amekufa, na kambini neno la msafiri ndilo cheti cha kifo. Wakamlilia bila kaburi. Mtoto alikuwa amekwisha kujifunza kumwita mkubwa "mama", kwa sababu ndivyo walivyomwita watoto wengine wanne wa nyumba ile, na hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Sasa fikiria chumba cha mahojiano, mwaka 2012. Ofisa upande mmoja wa meza, mkalimani kando, mama na watoto watano kwenye benchi. Ofisa ananyoosha kalamu kwa aliye mdogo kuliko wote. Huyu ni nani? Mama anasema: "Ni mtoto wangu." Mkalimani anatafuta neno la Kiingereza, anachukua lililo karibu, nalo ni lile la binti wa kuzaa. Kalamu inaandika. Mstari unaofuata.

Mama alisema uongo? Mimi nasema hakusema. Kwa Kiswahili cha wazee wetu, mpwa ni mtoto wa dada yake mwanamume. Mwanamke hana mpwa kwa ndugu yake wa kike, ana mtoto. Mtoto naye hana shangazi hapo, ana mama mkubwa na mama mdogo, na kote kuwili neno la kwanza ni mama. Ukimuuliza mwanamke wa Kibembe, wa Kimanyema au wa Kiha kama mtoto wa mdogo wake ni mtoto wake, atakushangaa unauliza nini. Ndivyo lugha ilivyopanga mambo, na imepanga vizuri, maana ndiyo iliyowafanya yatima wengi wa vita zile wasijue kwamba ni yatima.

Lakini fomu haikuandikwa kwa lugha hiyo. Fomu ya Australia ya maombi ya viza ya kibinadamu, ile wanayoiita namba 842, ina sehemu ya watoto na sehemu ya ndugu wengine, na kila mtu lazima aingie kwenye kisanduku chake. Na Sheria ya Uhamiaji ya Australia ya mwaka 1958, inayotumika mpaka leo ikiwa na viraka vingi, ni kali kuhusu visanduku hivyo kuliko wengi tunavyodhani. Kifungu cha 101 kinamtaka mwombaji ajibu kila swali na asitoe jibu lisilo sahihi. Kifungu cha 100 kinasema jibu lisilo sahihi ni lisilo sahihi hata kama aliyelitoa hakujua. Kifungu cha 98 kinasema fomu uliyojaziwa na mwingine inahesabiwa umeijaza wewe. Na kile cha 111 kinafunga mlango: haijalishi kama kosa lilikuwa la makusudi au la bahati mbaya, uwezo wa kufuta viza upo palepale.

Vifungu hivi nimevitafsiri mara nyingi kwa simu, na kila mara mtu wa upande wa pili hunyamaza kidogo, halafu huuliza: "Sasa mimi ningejuaje?" Swali zuri. Sheria inalijibu, ila siyo hapo. Nia yako haisaidii kuamua kama kulikuwa na kosa. Inasaidia baadaye, katika kuamua kama kosa hilo linastahili viza kufutwa. Asiyejua kwamba hatua ni mbili hutumia pumzi yake yote kwenye ile ambayo ameshashindwa.

Familia ilifika mwaka 2014. Toowoomba ni mji wa mlimani, kilomita 125 hivi magharibi ya Brisbane, baridi yake ya Julai inamkumbusha mtu Kasulu asubuhi. Mama alisafisha ofisi usiku, akasoma, akapata cheti cha kuhudumia wazee, akaanza kazi kwenye nyumba ya wazee. Watoto wakasoma. Mwanawe wa kwanza akachukua uraia mwaka 2019. Mama alikuwa na haki ya kuomba pia, ila aliuogopa mtihani: maswali 20 kwa Kiingereza, upate angalau asilimia 75. "Mwakani," alikuwa akisema. Raia hafutiwi viza kwa sababu hana viza ya kufutwa, kwa hiyo ile "mwakani" yake ilikuja kuwa ghali.

Katikati ya miaka hiyo mdogo akafufuka. Mwaka 2018 ujumbe wa sauti ulizunguka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Fizi: mwanamke yuko Nakivale, Uganda, anamtafuta dada yake, anataja jina la baba, jina la kijiji, na kovu la mkono wa kushoto. Mama aliusikiliza akiwa kazini, ndani ya chumba cha kufulia. Aliniambia alikaa chini, kwenye kapu la mashuka.

Hapo ndipo ninapoingia. Mwaka 2019 mama aliamua kumdhamini mdogo wake. Kwa viza ya namna hiyo ndugu aliyeko Australia hujaza fomu yake ya pendekezo na yule wa ng'ambo hujaza 842. Aliniletea makaratasi siku ya Jumapili baada ya ibada, siyo nimfanyie kazi, bali niangalie kama tarehe zimekaa sawa. "Mdogo wangu ana watoto watatu," akaniambia. "Wawili yuko nao Nakivale, mmoja ndiye huyu wangu." Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia mtoto ana bahati, ana mama wawili. Nikaangalia tarehe, zilikuwa sawa, nikamrudishia.

Nimetafsiri fomu hizo kwa miaka. Nilijua kuna sehemu ya watoto na sehemu ya ndugu wengine. Sentensi yake ile ilipita masikioni mwangu kama sentensi ya nyumbani, na nyumbani haina tatizo lolote. Mdogo mtu, kule Nakivale, aliandika ukweli: watoto watatu, wa kwanza yuko Australia kwa dada yangu. Basi fomu mbili za ndugu wawili, kila mmoja akiwa amesema lililo kweli kwa kinywa chake, zikakutana juu ya meza ya ofisa mmoja.

Na hapo palikuwa na njia. Kifungu cha 105 kinamtaka mtu anayegundua kwamba jibu lake la zamani halikuwa sahihi alisahihishe mwenyewe, kwa maandishi, mapema iwezekanavyo. Ipo hata fomu yake, namba 1023, kurasa chache tu. Mama angeijaza mwaka ule wa 2019, pamoja na yale makaratasi ya udhamini, akaeleza kambi, mdogo, meli ya Baraka na habari za kifo, ningeshangaa sana kama ingefika kwenye barua ya Agosti 2021. Simlaumu yeye kwa kutoijua. Mimi nilikuwa naijua.

Nirudi kwenye barua. Kwa mwenye viza ya kudumu, sheria inatoa siku 14 za kujibu. Na barua iliyotumwa kwa barua pepe inahesabiwa imepokelewa mwisho wa siku ileile ilipotumwa, umeisoma au hujaisoma. Siku tisa zilikuwa zimekwisha kwenye simu. Zilibaki tano, na mbili kati yake zilikuwa Jumamosi na Jumapili.

Barua ya namna hiyo humuuliza mtu maswali mawili, na wengi hawaoni kwamba ni mawili. La kwanza: je, unakubali kwamba jibu halikuwa sahihi? La pili: kama ni kweli halikuwa sahihi, una sababu gani viza yako isifutwe? Mama aliona swali moja tu, lile alilosomewa na mtoto kitandani: huyu si mwanao. Na mtoto alikuwa anamtazama.

Usiku huohuo akampigia simu mjuaji. Kila mji wenye wakimbizi anaye. Wa kwetu ni mtu wa watu, anavaa koti, anajua ofisi zote, ana mhuri wa jumuiya ambayo wanachama wake sijawahi kuwahesabu. Kwa sheria ya Australia, mtu anayetoa msaada wa uhamiaji kwa malipo lazima awe wakala aliyesajiliwa, mwenye namba ya usajili unayoweza kuitafuta mwenyewe kwenye intaneti kwa dakika mbili, au awe wakili. Mjuaji hakuwa na namba. Alikuwa na bei: dola 400. Na alikuwa na ushauri ambao mama alitamani sana kuusikia. "Kana," alimwambia. "Ukikubali umekwisha. Sema ni mtoto wa tumbo lako, aliyekosea ni mdogo wako."

Kwa hiyo jibu lililokwenda Wizarani siku ya 13 lilikuwa nusu ukurasa. Lilisema binti ni wa kuzaa. Lilisema habari za kutoka Uganda zimekosewa. Juu ya miaka saba ya kuishi Australia, kazi, shule, kanisa, halikusema chochote. Juu ya kambi, halikusema chochote. Mjuaji alikuwa ameagiza pia cheti cha kuzaliwa kutoka Kongo kwa dola 250 zaidi, na kwa rehema za Mungu kilichelewa. Nilikiona baadaye. Kilisema mtoto amezaliwa Uvira mwaka 2008, mwaka ambao familia nzima ilikuwa ikipanga foleni ya mgao wa unga Nyarugusu na majina yao yameandikwa.

Watu hunisimulia kisa hiki kana kwamba kosa ni lile la 2012. La 2012 lilikuwa la lugha. Hili la 2021 lilikuwa uongo, wa kwanza wa kweli katika jalada lote, na aliusema kwa sababu ya woga, akielekezwa na mtu aliyelipwa.

Viza ilifutwa mwezi Novemba. Ya mama, na nyuma yake zile za watoto waliokuja kama wanafamilia wake, isipokuwa kijana aliyekuwa raia. Australia haimpi ofisa hiari kwa mtu asiye raia na asiye na viza: huzuiliwa. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuomba viza ya mpito, kabla hata ya kulia. Mama alikuja kwangu jioni ile akiwa na sare ya kazi. Mwajiri alikuwa ameangalia haki yake ya kufanya kazi kwenye mfumo wa mtandaoni, akamwambia kwa upole aende nyumbani kwanza. Alisema kuna bibi wa miaka 91 ambaye hali chakula cha jioni bila yeye, na kwamba nani sasa atamlisha. Aliuliza hilo mara tatu.

Asubuhi tulikwenda kituo cha msaada wa sheria. Sikuweza kuwa mkalimani wake, kwa kuwa tunafahamiana, na maadili ya kazi yetu yanakataza. Wakili akapiga simu huduma ya ukalimani ya taifa, ile ya 131 450, akapatikana mtu wa Kiswahili kutoka jimbo jingine. Wakili alikuwa binti mdogo kwa umri. Alisoma barua zote mbili, ya Wizara na ya mjuaji, akaweka kalamu chini, akasema kupitia simu: "Mama, nataka uniambie habari ya mtoto huyu tangu mwanzo, kama unavyomsimulia mtu wa nyumbani kwenu." Ilichukua saa moja na nusu. Nilikuwa nje kwenye benchi nikisikia sauti yake ikipanda na kushuka.

Maombi yalifunguliwa kwenye baraza la rufaa za kiutawala, chombo kilicho huru na Wizara, ambacho tangu Oktoba 14, 2024 nafasi yake imechukuliwa na Baraza la Mapitio ya Kiutawala. Siku za kufungua ni za kuhesabika, na kwa kesi za viza baraza halina uwezo wa kukuongezea hata moja. Nimewaona watu wenye hoja nzuri wakifa na hoja yao kwa sababu ya siku mbili. Ada ilikuwa dola 3,000, na mwenye dhiki anaweza kupunguziwa nusu. Kanisa lilichanga.

Kazi ya wakili ilinifundisha kitu ambacho miaka yangu yote ya kutafsiri haikunifundisha. Hakutafuta kumwonyesha mama kuwa msafi. Alichukua kanuni ya 2.41, inayotaja mambo ambayo mwamuzi lazima ayapime kabla ya kufuta, akawa analiuliza kila moja kama fundi anayegonga ukuta kusikia palipo na uwazi. Ukweli ni upi? Ukweli huo ungebadilisha nini wakati ule? Kosa lilitokeaje? Umepita muda gani? Amefanya nini tangu hapo, kwa jamii na kwa sheria? Hali yake leo ikoje?

Swali la pili ndilo lililomfanya asimame. Kwa viza za wakimbizi, kanuni za Australia hazikuishia kwa mtoto wa kuzaa. Ndugu asiye na mwenzi, anayeishi nyumba moja na mkuu wa familia na kumtegemea, angeweza kuhesabiwa mwanafamilia, na mtoto wa dada ni ndugu kwa maana hiyo. Yaani mama angesema mwaka 2012, "huyu ni wa marehemu mdogo wangu, namlea," kuna kila dalili kwamba mtoto angepanda ndege ileile. Kisanduku kilikuwapo. Kilikuwa mistari michache chini ya kile kilichojazwa.

Nilipomweleza mama jambo hilo, kwa Kiswahili, siyo kama mkalimani, alinitazama kwa muda. "Kumbe?" alisema. Kisha akarudi kukatakata sombe yake.

Wakili aliandika kwenda kambini akiomba kumbukumbu za zamani za uandikishaji. Zilikuja baada ya miezi minane. Mtoto alionekana akihamishiwa kwenye kaya ya mama mwaka 2009, na pembeni, kwa kalamu ya mtu asiyejulikana tena, uhusiano wake umeandikwa: mtoto wa mdogo wake. Ina maana mama aliulizwa, na alijibu, miaka mitatu kabla ya mahojiano. Mtu mwenye nia ya kudanganya hangeacha alama hiyo. Karatasi ile moja ilikuwa na uzito kuliko barua kumi na nne za kumsifu, ingawa barua za sifa nazo zilikusanywa, na ya yule bibi wa miaka 91 iliandikwa kwa mkono unaotetemeka, mistari miwili.

Shauri lilisikilizwa mwaka 2023, Brisbane. Tuliteremka mlima alfajiri, ukungu ukiwa bado barabarani, watu watano ndani ya gari langu. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Mjumbe wa baraza aliketi mbele, hakuna joho wala nyundo, na mkalimani alikuwa kijana ninayemfahamu kwa sauti tu. Mimi nilikaa nyuma kama rafiki.

Mjumbe alianza na barua ya mjuaji, na hakika angekuwa mjinga asingeanzia hapo. Alimuuliza kama ni sahihi yake. Ni yangu. Alijua kilichoandikwa? Nilijua. Ni kweli? Mama akanyamaza. Nilisikia kiyoyozi. "Si kweli," akasema. Kwa nini basi? "Mtoto alikuwa amekaa hapo ananitazama."

Kisha swali lililokuwa limengoja miaka kumi na moja. Ni nani mama wa mtoto huyu?

Mama akasema: "Tumbo ni la mdogo wangu. Mgongo ni wangu."

Kijana hakulitafsiri mara moja. Namjua alikuwa anapitia nini. Alimwomba mjumbe ruhusa ya kueleza, akasema kwanza neno kwa neno, halafu akaongeza kwamba kwa Kiswahili mtoto hubebwa mgongoni, na kwamba huyu mama anasema mwingine alimzaa na yeye akambeba. Sekunde thelathini labda. Nimejiuliza mara nyingi kama mwaka 2012 kungekuwa na sekunde thelathini kama hizo.

Uamuzi ulikuja kwa maandishi baada ya wiki saba. Aya nyingi za mwanzo hazikuwa za kufurahisha. Baraza lilikubaliana na Wizara kwamba jibu la 2012 halikuwa sahihi. Lilisema pia, kwa maneno makavu, kwamba majibu ya 2021 yalikuwa ya kupotosha na yanahesabiwa dhidi yake, na mama alipotafsiriwa hapo aliinamisha kichwa, kwa haki. Ndipo likaanza kupima: asili ya kosa, kisanduku kile kingine, kumbukumbu ya 2009, miaka, kazi, watoto wenye masomo, na mahali ambapo wangerudishwa. Likatengua uamuzi. Viza iliyorudishwa hivyo huhesabiwa haikufutwa kamwe. Nilimtafsiria sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alicheka.

"Haikufutwa kamwe" ni maneno ya sheria. Miezi ile bila kazi ilikuwapo. Viza ya mpito ya kwanza haikuwa na ruhusa ya kufanya kazi, ikabidi aombe upya akithibitisha kwamba hana kitu. Bibi wa miaka 91 alikufa kabla mama hajarudi kazini. Maombi ya mdogo mtu yalikataliwa na yamefunguliwa upya. Australia inatoa nafasi 20,000 kwa mwaka kwa mpango mzima wa kibinadamu, dunia nzima ikigombea hizo, kwa hiyo hakuna anayemwahidi kitu. Mjuaji bado anavaa koti. Nilipomuuliza kuhusu zile dola 400 alisema kesi si ilishinda?

Mimi nimebadilisha kitu kimoja katika kazi. Mtu akisema "mtoto wangu" mbele ya ofisa, naomba ruhusa niulize: wa kuzaa, au wa kulea? Maofisa wengine hukunja uso, wanaona nachelewesha. Akina mama wengine hukunja uso zaidi, wanaona nawatukana. Nauliza hivyohivyo.

Mwezi uliopita nilipita kwao kuchukua dumu la mawese. Binti sasa ni mrefu kuliko mama, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na Jumamosi huzungumza na Nakivale kwa video. Mtandao wa kule ulikuwa unakatika. Alikuwa ameegemeza simu kwenye sukari, anavunjavunja tambi, mama yuko jikoni amempa mgongo. Picha ikarudi ghafla, uso wa mwanamke ukajaa kioo.

"Shikamoo, mama," binti akasema.

"Marahaba," ikaitika simu. "Marahaba," wakaitika kutoka jikoni.